Jokébed Atubu Mulekera

Mdogo wangu Jokébed ni mtu mgumu, na nalisema hilo mapema kabla hujaanza kumhurumia. Ana mdomo, ana kiburi. Akikukasirikia hapigi kelele. Anakuiga tu: mwendo wako, pua yako, namna unavyosema "donc, donc" ukitafuta neno, mpaka watu wa pembeni wanacheka na wewe unatafuta pa kujificha. Mimi, dada yake Kaswera, muuza mawese katika soko la Butembo, ameniiga mara nyingi hivi kwamba siku hizi nikimpimia mteja mafuta najiona ninavyokunja midomo. Hata hivyo, ukija kumsema vibaya mbele yangu tutakosana. Mimi nina haki ya kumsema. Wewe huna.

Tulizaliwa Kamango, upande wa mpaka wa Uganda, katikati ya kakao. Huko ndiko alikoanza ufundi wake huo. Wachuuzi wanaovuka mpaka na baiskeli zao, askari wa forodha mwenye kitambi, katekista aliyekuwa akisinzia katikati ya sala yake mwenyewe, wote walipita uani kwetu kisha wakapita tena mara ya pili katika mwili wa Jokébed. Baba alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Mama alikuwa akimchapa. Baba akafa, vita vikatutoa Kamango, na tukafika Butembo na nguo tulizovaa.

Hapa lazima nikueleze Mama, la sivyo hutaelewa kitu. Jina lake ni Agar. Tulipofika Mususa, moja ya commune za Butembo, hakuwa na hata mkeka. Waliomwokota ni wamama wa kanisa letu la Kiprotestanti. Walimletea sufuria, wakamletea maharagwe na blanketi, wakamtafutia chumba, na hakuna hata mmoja aliyemkumbusha wema huo baadaye. Mama hakusahau. Leo ni yeye anayeongoza wamama wale, na mgeni akifika Mususa hana kitu, Mama huwa amefika kwake na sufuria kabla jua halijapanda. Kwake kanisa si nyumba ya kwenda Jumapili. Ni wale watu, na ukiwagusa umemgusa yeye machoni.

Jokébed akawa fundi wa kushona, na akawa sauti ya kwanza ya korali. Sitakupamba maneno juu ya sauti yake. Akipandisha wimbo, wanaume wa besi waliokuwa wamelegea kwenye benchi wanakaa wima, na watoto wanaacha kupigana. Inifome za korali, zile za buluu zenye ukosi mweupe, alizishona yeye zote, na alizishona vizuri hata kwa watu asiowapenda. Kwa korali ile hao walikuwa wengi.

Asiyempenda kuliko wote ni Manassé, prezida wa korali. Anauza mabati na misumari, ana kamyoneti ya kubebea mizigo, na anatembea kanisani kana kwamba na paa la pale ni bati lake ambalo hajalipwa. Haimbi vizuri. Jokébed aliwahi kumwambia hivyo mbele ya besi wote, na mtu kama Manassé jambo kama hilo halimtoki.

Basi siku moja redio ikatangaza. Chuo kimoja cha Beni kilikuwa kinafungua masomo ya licence katika "théâtre musical": mtu asome kuimba, kuigiza na dansi, vyote kwa pamoja, mpaka apate shahada. Anayetaka aende akajaribiwe. Jokébed alikuwa kwenye cherehani. Aliondoa mguu, kisha akaniambia, "Yaya," ndivyo anavyoniita kama dada mkubwa, "kumbe kuko fasi banasomesha ile kintu minafanyaka."

"Kintu gani? Kuchekelea batu?"

"Ee. Ile."

Nilikuwa sijawahi kumwona na uso ule. Alipoposwa na kijana mwenye duka, hakuwa na uso ule. Aliponunua cherehani yake mwenyewe, hakuwa na uso ule. Nikajua kwamba tumeingia matatizoni.

Akaanza kujifunza dansi ndani ya karakana yake, pazia limeshushwa. Nani asiyejua kwamba mapazia ya Mususa hayafichi kitu? Manassé alipita kuchukua suruali, akafungua pazia bila kubisha, akamkuta mdogo wangu katikati ya chumba, mikono juu, kiuno kinazunguka, na redio ya simu inaimba mambo ya dunia. Aliondoka hata bila suruali. Jumamosi iliyofuata, habari za chuo zikiwa zimeshamfikia, Jokébed akaitwa mbele ya komite ya kanisa.

"Ni kweli unataka kwenda kusoma danse?" Manassé akauliza.

"Nataka kusoma teatre. Danse iko ndani."

"Basi ni danse."

"Na kuimba iko ndani. Sawa vile munanifanyishaka kila siku ya Mungu."

"Unalinganisha korali na bar?"

"Hapana. Korali banaimba chini zaidi ya bar."

Nilimwambia baadaye kwamba jibu lile lilimgharimu, akasema anajua. Wakamweka chini ya nidhamu.

Katika kanisa letu aliyekosa hafukuzwi. Anakaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, haimbi, hashiriki meza ya Bwana, mpaka atubu. Na toba ina njia yake. Unapiga magoti mbele ya watu, unataja kosa kwa sauti, kisha unasema: "Kanisa ya Mungu, munirudishe." Watu wote wanajibu: "Tunakurudisha." Pasta anakushika mkono wa kuume, anakusimamisha, na kosa limekwisha. Haijalishi uko Butembo au Beni, wala pasta ni yupi, mradi ni wa kanisa letu. Na ukishasimamishwa kwa mkono, hakuna awezaye kukurudisha benchini kwa kosa lilelile, hata awe na mabati ya mji mzima. Jibu lile tunalijua kabla ya kusoma. Mtoto wetu akisikia "munirudishe" analijibu na uji mdomoni.

Manassé akatuma mtu kuchukua inifome ya Jokébed. Inifome aliyoishona kwa mikono yake! Jokébed aliipiga pasi kwanza, akaikunja vizuri, akampa. Nilitaka kumfuata yule mjumbe nimmwagie mawese barabarani, lakini mawese ni ya kuuza.

Mama ndiye aliyeumia. Kila Jumapili alikaa mbele na wamama wake, na nyuma karibu na mlango, mwanawe. Nyumbani alianza kupakua chakula bila kumtazama. Siku moja tu alisema, naye alisema akiwa amegeukia sufuria. "Jokébed, tubu. Ni maneno kidogo tu."

"Nitubu nini, Mama? Sikuiba. Sikulala na bwana wa mutu."

"Batu bale balitupokea tukiwa hatuna kitu."

"Balikupokea weye sababu ulikuwa na njaa. Mimi pia niko na njaa. Bananipa benchi."

Mama akaweka mwiko chini. Tangu siku ile hakumsemesha tena, na katika nyumba ya vyumba viwili kimya cha namna ile kinachosha kuliko matusi. Nilikuwa katikati, nikipeleka maneno. Mwambie mama yako chumvi imekwisha. Mwambie mdogo wako anajua duka liliko. Nilimkasirikia kila mmoja kwa zamu yake.

Siku ya majaribio ikafika, nikaenda naye Beni. Sikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda kwa sababu mtu anayekwenda kuharibu maisha yake anahitaji wa kumshikia mkoba. Njiani juu ya pikipiki vumbi lilitujaza meno.

Chuo kile hakikuwa na jukwaa lake, kwa hiyo kilikuwa kimeazima ukumbi kule Mulekera, ndani ya mji wa Beni. Na ukumbi wenyewe ulikuwa wa nani? Wa kanisa letu. Pasta wa pale, mzee Josaphat, alikuwa amekaa pembeni karibu na dirisha, akichunga viti vyake visivunjwe. Nilipomwona nikamwambia Jokébed turudi. Akasema, "Viti ni vya kanisa. Sauti ni yangu."

Aliyekuwa akipima watu aliitwa Madame Elsa, mwalimu aliyetoka Goma, mfupi, miwani juu ya kichwa, mwanamke asiyetabasamu bila sababu. Pembeni yake wanaume wawili wa chuo, ambao kazi yao ilikuwa kukubali kila alichosema. Watahiniwa walikuwa wanatoka pale wanalia. Msichana mmoja wa Beni aliimba sehemu ndogo tu, akaambiwa, "Merci. Kama unataka kulala, lala kwenu." Kijana mmoja aliyevaa koti la harusi alicheza dansi mpaka shati likalowa, Madame Elsa akamwuliza kama anajua kusoma ramani, kwa sababu miguu yake ilikuwa imepotea. Sikumpenda, na bado simpendi.

Zamu ya Jokébed ikafika. Mambo matatu: wimbo, igizo, dansi. Wimbo akauimba, na wale wanaume wawili wakasahau kuangalia Madame Elsa kabla ya kufurahi. Yeye hakufurahi.

"Uko mutu wa chorale."

"Ndiyo, Madame."

"Inaonekana. Unasimama sawa muti. Sauti iko, mais sauti haiko métier, haiko kazi. Goma kuko sauti mingi, zinauza makala. Bon. Scène. Unionyeshe mutu mwenye banalazimisha aseme maneno yenye haamini. Usiseme tu. Imba. Na nikiona unaniomba nikuhurumie, ninakukatisha."

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka. Siku ileile kulikuwa na mkutano wa wamama wa kanisa huko Beni, na walikuwa wameahidiwa ukumbi ule mchana. Kwa kuwa Madame Elsa alikuwa hajamaliza kutukana watoto wa watu, wao wakaingia kimya na mikoba yao, wakakaa kwenye viti vya nyuma kungoja. Walikuwa wa Beni na wa Butembo. Wale wa Butembo waliletwa na kamyoneti ya Manassé, na yeye mwenyewe akaingia nyuma yao akizungusha funguo kidoleni. Na mbele ya wamama, na kitenge chake cha mkutano, Mama.

Jokébed aliwaona. Watu wanasema hakuwaona, wakitaka kumfanyia wema. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Aliwaona, akamwona Mama, akapumua, akapiga magoti.

Akaanza chini, chini kabisa, mahali ambapo sopurano haendi. Ulikuwa wimbo wa kwake, haumo katika kitabu chochote. Aliimba kosa lake. Kwamba miguu yake ilimsaliti. Kwamba aliona furaha akiwa peke yake katika chumba cha cherehani na hakumwomba mtu ruhusa ya kufurahi. Kila neno alilitoa kama mtu anayevuliwa nguo sokoni, anashika upande huu na upande ule unateleza. Mimi ninayemjua, ninayejua kwamba mwanamke huyu hawezi kuomba radhi hata akikukanyaga mguu, nilishika ukuta. Machozi yalimtoka, akaimba juu ya machozi. Madame Elsa aliweka kalamu chini.

Kisha sauti ikapanda mpaka juu, ikasimama hapo, na maneno yakaja:

"Kanisa ya Mungu... munirudishe."

Sauti ya kwanza kujibu ilikuwa ya Mama. "Tunakurudisha!" alipiga kelele, tayari amesimama, mkoba umeanguka. Na wamama wote nyuma yake, wa Beni na wa Butembo, kwa pamoja: "Tunakurudisha!" Madirisha yalitikisika.

Usiwacheke. Wote walijua kwamba Jokébed yuko chini ya nidhamu. Habari ilikuwa imepanda kamyoneti pamoja nao, na Manassé alikuwa amemweleza Pasta Josaphat kwa simu asubuhi ileile ili asije akampa nafasi ya kuimba mkutanoni. Sasa wanaingia, wanamkuta aliyekosa amepiga magoti katika nyumba ya kanisa, analia, anataja kosa lake lenyewe, kwa utaratibu wake wote. Wangeamini nini? Waliamini kwamba Mungu amemkamata huko huko alikokimbilia. Mzee Josaphat, aliyekuwa akichunga viti kuliko kusikiliza maneno ya Madame Elsa, naye aliamini. Aliinuka pale dirishani, akavuka ukumbi, akamshika Jokébed mkono wa kuume, akamsimamisha.

"Simama, binti. Imeisha."

Vigelegele. Mama alishafika mbele, anamfuta Jokébed uso na ncha ya kitenge, analia na kucheka, anasema "Wasingya, Nyamuhanga, wasingya," anamshukuru Mungu kwa Kinande kama afanyavyo akizidiwa. Alikuwa hajamgusa mwanawe tangu siku ya mwiko.

"Non, non, non!" Madame Elsa alikuwa amesimama juu ya kiti. "Ni concours hapa, ni mutihani! Banani hawa? Batoke!"

"Pasta, acha mukono yake!" Hiyo ilikuwa ya Manassé, akisukuma viti. "Ile ni teatre! Alikuwa anafanya examen! Anawachekelea!"

"Nani anachekelea?" Mama akamgeukia. "Huoni machozi?"

"Machozi ni ya examen!"

"Weye uliona toba ya nani, Manassé, mutu mwenye hajawahi kutubu hata misumari yake mibaya?"

Nilifurahi, sitaficha. Lakini Jokébed alikuwa amesimama katikati yao, mkono mmoja kwa Pasta, mkono mwingine kwa Mama, na uso wake ulikuwa umekauka ghafla.

Mzee Josaphat akainua kiganja, watu wakanyamaza. "Hapana kugombana mu nyumba ya Mungu. Aseme mwenyewe. Binti, ilikuwa toba, ao ilikuwa teatre?"

"Nami nataka kujua," akasema Madame Elsa, sasa kwa sauti ya baridi. "Mademoiselle, kama ulikuwa unaomba, ni muzuri, Mungu akubariki. Mais siwezi kupima maombi. Nitaandika: hapana scène, na utaenda. Kama ulikuwa unaigiza, sema."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Akisema toba, anarudi Mususa na inifome yake, na Mama yake, na sahani yake mezani, na chuo kimekwisha. Amekiri mbele ya watu kwamba kile anachokitaka ni uchafu. Akisema teatre, amechukua kitu ambacho Mama anakiheshimu kuliko maisha yake, akakitumia kupata nafasi ya shule.

Mama alimsogelea sikioni, lakini Mama hajui kunong'ona, tulisikia sote. "Sema ilikuwa toba, mutoto wangu. Twende nyumbani. Nitakupikia."

Hata sasa nikikumbuka "nitakupikia" ile nakasirika, na sijui namkasirikia nani. Kwa nini aseme vile? Angemtukana ingekuwa rahisi. Nilidhani atasema toba. Nitakwambia ukweli, nilitaka aseme toba, nichoke kupeleka maneno ya chumvi.

"Ilikuwa teatre," akasema.

Hakusema kwa jeuri. Kama angesema kwa jeuri ningempiga. Alisema akimtazama Mama, polepole, ili asiulizwe mara ya pili.

Wamama walitoa sauti moja, ile ya mtu aliyejikwaa. Manassé akapanua mikono. "Mumesikia! Amechekelea kanisa na Pasta. Sasa hata benchi ya nyuma hapana. Mama Agar, acha mukono ya ule mutu."

Mama hakuuacha. Alikuwa ameinamisha kichwa, kitenge kimelowa mkononi. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti:

"Yeye alikuwa anaigiza. Mimi hapana. Mimi nilimurudisha kweli. Na hawa bamama balimurudisha kweli. Pasta, ulimushika mukono ya kweli ao ya teatre?"

Mzee Josaphat alifikiri. Alikuwa mzee mwenye haki, na swali lilimwuma. "Ya kweli," akasema.

"Basi ameisha kurudi. Ni sheria yetu, hatukuiandika leo. Manassé, utamurudishia inifome yake." Akamgeukia Jokébed, na hapo ndipo alipouachia mkono. "Kanisa imekurudisha. Utaimba. Mais nyumbani kwangu usikuye tena."

Akaokota mkoba wake, akawatoa wamama wote nje wakangojee chini ya paa la baraza. Hakugeuka nyuma.

"Danse," akasema Madame Elsa. "Ama umechoka?"

Jokébed akacheza dansi yake. Alicheza vibaya, magoti yalikuwa mazito na mara mbili alikosa mdundo, na nje tulisikia wamama wameanza wimbo wao wa ufunguzi, bila mtu wa kuupandisha. Madame Elsa alimwacha mpaka mwisho, jambo ambalo hakumfanyia mwingine. Kisha akamwambia kwamba miguu itarekebishwa, aje masomo yakianza. Jokébed akasema asante. Sikumwona akifurahi. Nilimshikia mkoba.

Sasa anasoma. Amepanga chumba Mulekera, anashonea watu nguo jioni, na kwa kadiri ninavyosikia Madame Elsa anamtukana kila siku, kwa hiyo atafika mbali. Manassé alirudisha inifome mwenyewe, imekunjwa vibaya, na siku ile niliuza mawese nikiimba, na sauti yangu ni ya kufukuza kuku. Baadhi ya Jumapili Jokébed anapanda pikipiki mpaka Butembo, anaingia kanisani na ile buluu, anasimama mahali pake. Hakuna awezaye kumwondoa. Komite ilijaribu, wamama wakawauliza sheria ni ya nani. Anaimba, korali inaimba juu, na ibada ikiisha Mama anatoka kwa mlango mmoja, yeye anatoka kwa mwingine. Hajala kwetu tangu siku ile.

Jumapili iliyopita aliimba kama sijawahi kumsikia. Ilikuwa zaburi, wimbo wa mtu aliye chini kabisa anayeita. Watu walilia. Mama alilia, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Na ibada ilipoisha, Jokébed, ambaye haogopi komite wala Madame Elsa, alizunguka benchi zote akamkata Mama njia pale mlangoni. Nilikuwa nyuma ya Mama. Nilidhani yatakwisha leo.

"Mama. Wimbo ulikuwa je?"

"Ulikuwa muzuri."

"Muzuri tu? Nilikuona unalia."

"Nililia, ee. Na kule Mulekera pia nililia." Mama alimtazama sawasawa, bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira. "Unaimbaka muzuri sana, Jokébed. Mais sasa nitajua namna gani kama uko naomba, ao uko nafanya teatre?"

Mdogo wangu, mwenye jibu kwa kila mtu wa Butembo na Beni, alianza kunyoosha ukosi wa inifome yake. Mama akampa mkono, kama anavyompa mgeni yeyote wa Jumapili, akaenda zake nyumbani kuepua maharagwe.